Marehemu Aliyefia Mikononi Mwangu

Jumatatu, 4 Agosti

Nimechoka. Naanza na hilo maana ndilo la kweli kuliko yote yatakayofuata.

Asubuhi nimekwenda kunywa chai yangu dukani kwa Safina. Safina anauza vitenge hapa Kasulu mjini, jirani na msikiti. Chai ya pale naijua tangu enzi za mama yake, Mungu amrehemu. Chai ya tangawizi, chapati mbili, kiti changu cha mbao mlangoni. Ananiita Baba Mdogo. Mteja mgeni akija anaonyeshwa mimi kabla hajaonyeshwa kitenge: huyu ndiye aliyempokea baba yangu. Basi mteja ananipigia yale makofi yetu ya Waha, mwakeye mzee, mwakeye, na mimi nainamisha kichwa. Kidogo. Shujaa hainamishi sana.

Niiandike habari yenyewe, maana siku hizi nasahau nilivyoisema. Baba yake, Hamis Twalibu, alikuwa mchuuzi wa samaki. Mwaka themanini na sita aliteremka kule Malagarasi inapoingia ziwani, kule mto unapopasuka vijito kama vidole vya mkono, akanunue migebuka. Hakurudi. Wenzake walisema mtumbwi ulipinduka. Safina alikuwa na miaka sita.

Miaka minane baadaye nilijikinga mvua kwenye genge la mama yake. Nikamkuta binti ameacha shule, anapanga nyanya, anauliza kila mwanaume mtu mzima kama alimjua baba yake. Nikamhurumia. Nikasema nilikuwepo. Mtumbwi ule ule! Nikamvuta kwenye maji kwa ukosi wa shati, huku mamba, huku kiboko, akakata roho mikononi mwangu. Neno lake la mwisho: Safina asome.

Binti akarudi shule. Mpaka kidato cha nne. Sasa nani wa kulaumu hapo?

Kweli yenyewe: sijawahi kufika huko. Mwaka themanini na sita nilikuwa kijijini Titye, nalima maharage ya mkwe wangu, na mkwe wangu hakuwa mtu wa kutoa ruhusa.

Leo Safina kaja na jambo. Amekodi gari, Noah. Jumamosi tunakwenda, yeye na mimi, safari yetu wenyewe, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, nimwonyeshe mahali. Anataka kumsomea baba yake dua pale pale alipokatia roho. Anasema miaka thelathini na tisa anaomba dua bila kujua aelekeze moyo wapi.

Chai ikanipalia. Nikasema nimefurahi mno.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango wa kwanza: goti.

Nimeamka nikiugulia. Apoline, mke wangu, akauliza kama ni lile goti la kulia lililouma siku ya kuchimba mtaro wa kijiji, au la kushoto lililouma siku ya msiba wa shangazi yake. Nikasema yote mawili. Akasema hongera.

Kufika saa nne Safina kaja mwenyewe, kafunga duka. Kaleta dawa ya kuchua, kaleta bandeji. Akapiga magoti sakafuni, akanichua kwa mikono yake, taratibu, kama mtoto wa kuzaa. Akanituliza kwamba kiti cha Noah kinalazwa nyuma, Baba Mdogo utasafiri kama uko kitandani kwako.

Aibu kidogo. Ikapita.

Alipoondoka Apoline akaniambia nimweleze binti ukweli wakati bado niko nchi kavu. Nikamjibu ukweli uliolala miaka thelathini ni kama ugali uliolala, unavunja meno. Akasema meno yenyewe ninayo mangapi.

Ndiyo maana naandika. Daftari halikatizi. Kusoma na kuandika nilikupata ukubwani, kwenye darasa la ngumbaru, na niliwashinda wote mpaka mwalimu akaogopa. Shahidi hayupo, amekufa.

Jumatano, 6 Agosti

Goti limepona bila ruhusa yangu. Dawa kali ile.

Mpango wa pili: kumtisha.

Nimekaa kwenye kiti changu nikaanza. Nikaeleza mamba wa kule, anayelala juu ya maji ukadhani gogo, ukalikalia. Nikaeleza kiboko mwenye ukubwa wa Noah, tena Noah yenye keria juu. Mbu wanaopita kwenye chandarua wakiwa wamekunja mabawa. Watu wakajaa mlangoni. Kwa kweli nilisema vizuri. Mama mmoja aliacha kitenge chake kwenye kaunta akakimbia.

Safina alinisikiliza mpaka mwisho. Macho yakamjaa machozi. Akasema, kumbe baba yake alipita katikati ya hayo yote ili yeye apate kula. Akasema asipokwenda atakuwa mtoto wa namna gani.

Nurudini, kijana mwenye Noah, naye alikuwepo. Akasema hiyo safari ni moto, mzee, atachaji simu mbili.

Nimerudi nyumbani nikiwa nimewavutia watu kwenye kaburi langu mwenyewe.

Alhamisi, 7 Agosti

Imebidi niende kwa Pasikali.

Naandika jina lake kwa shida. Ni fundi viatu, kibanda chake kinatazamana na duka la Safina. Zamani watu walikaa kwake kusikiliza. Tangu nilipoanza kunywa chai upande wa pili, wanamletea viatu tu. Hajanisamehe. Ila yeye ujanani alikuwa akiteremka kule na baiskeli kuleta samaki, hilo kila mtu analijua. Na anajua nilikuwa Titye. Baiskeli ya samaki ilimpitisha mbele ya shamba la mkwe wangu, akaniona nimeinama.

Nikamwomba anieleze mahali palivyo. Akashona kiatu kizima kabla ya kujibu. Kisha akatoa masharti. Kwanza, na yeye anakwenda. Pili, anakaa kiti cha mbele. Tatu, nitamke mbele za watu kwamba yule nyoka wake wa Rungwe Mpya ni wa kweli.

Nimetamka. Mbele ya watu sita nimeapa kwamba niliona kwa macho haya nyoka wa Rungwe Mpya akimeza baiskeli na kengele ikilia tumboni.

Ndipo akanipa: kijito cha tatu mkono wa kushoto, unaona mchikichi wenye vichwa viwili, hapo maji yanazunguka kama uji unaokorogwa. Hapo ndipo mitumbwi ilikuwa ikipinduka.

Nimekariri. Kijito cha tatu. Vichwa viwili. Nalala nikiwa mtu mwingine.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Watu wamekwenda kuona ng'ombe wa maonyesho. Mimi nimekaa.

Safina ameniletea shati jipya, jeupe, mikono mirefu. Akasema kesho ni kama mazishi, maana siku ile hapakuwa na mazishi. Akasema nikishamwonyesha mahali atapumzika, hataniuliza tena jambo la baba yake maishani.

Apoline amelipiga pasi. Hakusema neno. Apoline asiposema neno, nasikia vizuri zaidi.

Jumamosi, 9 Agosti

Alfajiri. Gari linapiga honi. Pasikali keshakaa mbele, kavaa kofia. Kijito cha tatu. Vichwa viwili.

Jumapili, 10 Agosti

Mwili wote unauma. Nitaandika mara moja tu na sitarudia.

Tuliondoka baada ya Safina kuswali. Pasikali mbele na Nurudini, mimi na Safina nyuma na kapu la chapati. Lami ikaisha, vumbi likaanza. Tulivyozidi kuteremka kutoka milimani joto likaongezeka, mpaka shati likanishika mgongoni kama mkwe mwenye madai. Kila kijiji Safina ananiuliza kama napakumbuka. Nasema sana, ila miti imekua. Tulipofika njia panda Nurudini akauliza kulia au kushoto. Nikasema kulia, kwa sauti ya mtu mwenye nchi. Kulia palikuwa tanuru la matofali. Tukageuza. Pasikali akakohoa mpaka kijiji kilichofuata.

Mwisho wa barabara, mto. Sikutegemea. Nilidhani mto ni mto, una upande huu na upande ule. Kumbe ule hauna pande! Maji yanaingia kwenye mafunjo, yanatokea kwingine, mafunjo marefu kuliko nyumba, njia kumi na zote zinafanana. Na michikichi kila mahali. Yote ina kichwa kimoja kimoja.

Mwenye mtumbwi alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, kifua kipana, mpole. Akatueleza taratibu za kwao. Mtu ambaye hajawahi kuingia kwenye maji yale anapakwa tope kwenye paji la uso, maji yamjue kuwa ni mgeni yamvumilie. Aliyewahi kuingia hapakwi. Huyo anapewa upondo, ule ufito mrefu wa kusukumia, auongoze mtumbwi mwanzo wa safari, maji yaone mtu wao amerudi.

Akauliza nani wageni. Safina akatoa paji lake. Nurudini akatoa lake huku anajipiga picha.

Pasikali naye akavua kofia akatoa paji.

Nikamtazama. Akasema alikuwa ananunua samaki hapa hapa ukingoni, humo ndani angefuata nini. Nikamuuliza kwa macho, na mchikichi wenye vichwa viwili? Akatazama ndege.

Nikabaki mimi. Ningeweza kutoa paji. Tope ni nini, linaoshwa. Lakini Safina alikuwa amenigeukia na tope lake usoni, anatabasamu kwa fahari, anamwambia mwenye mtumbwi kwamba huyu baba yangu mdogo ni mwenyeji wenu wa zamani.

Nikapokea upondo.

Mara ya kwanza kusukuma mtumbwi ulizunguka. Ya pili ukazunguka kurudi. Ya tatu nilisukuma kwa nguvu za ujana wangu wote, upondo ukazama kwenye matope ukang'ang'ania, mtumbwi ukaenda, mimi nikabaki na upondo. Mwenye mtumbwi akanidaka kwa shati. Shati likapasuka kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Nikasema ndivyo tulivyokuwa tukifanya zamani, tunapima kina.

Nikawaingiza kwenye mafunjo. Tukakwama huko kama saa nzima. Kitu kikapumua jirani yetu, pumzi nzito, ya mtu mnene aliyeamshwa. Hakuna aliyesogea. Hata simu ya Nurudini ilishuka. Pumzi ilipokwenda mbali, mwenye mtumbwi akaniomba upondo kwa adabu. Kisha akachota tope, akanipaka kwenye paji mwenyewe, taratibu, kama mtoto anayepakwa dawa. Safina alikuwa anatazama pembeni.

Nadhani pale ningesema. Naandika "nadhani."

Tukapita kijito cha kwanza, cha pili, cha tano. Safina akauliza ni wapi. Jua lilikuwa linachoma utosi. Mbele niliona kona yenye kivuli. Nikasema ni pale.

Ndiyo, nilimchagulia baba yake pa kufia kwa sababu ya kivuli.

Mtumbwi ukasimama. Ikabidi nieleze tena, na nikaeleza, maana mdomo wangu ukishaanza hausubiri mwenyewe. Ukosi wa shati, mamba, mikono yangu, neno la mwisho. Safina akalia bila sauti. Akatoa kitabu chake cha dua, akafunga vizuri ushungi. Mwenye mtumbwi akasema kwa upole kwamba kwao, mtu aliyechukuliwa na maji anaitwa kwanza. Wanapiga maji kwa kafi mara tatu, wanamtaja yeye na baba yake na kwao, asikie amekuja kutembelewa. Akainua kafi. Akauliza marehemu ni nani.

Safina akasema, "Hamis wa Twalibu, wa Kasulu. Mchuuzi wa samaki. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto hakikuwa na ukucha."

Kafi likabaki juu. Maji yanachuruzika kwenye mkono wake mpaka kwapani, halishushi.

Akasema, "Huyo hatumwiti hapa, dada. Huyo nilimzika mimi."

Safina hakuelewa. Mimi nilielewa mara moja, uongo ndiyo kazi yangu, kweli ikija naitambua kwa mbali.

Yule mtu akashusha kafi akaliweka magotini. Akaeleza, anatafuta maneno moja moja. Mtumbwi ulipinduka kweli. Baba yake akatoka na uhai. Mama wa huyu bwana akamuuguza, akapona, akabaki. Akaishi hapo miaka kumi na mitatu. Akafa mwaka tisini na tisa, kwa homa, juu ya mkeka, nchi kavu.

"Kila kiangazi alisema atapanda Kasulu, ana mtoto wa kike kule," akasema. "Kila kiangazi. Mimi naitwa Twalibu. Alinipa jina la baba yake."

Safina akafunga kitabu chake cha dua. Halafu akauliza jambo moja tu, neno lake la mwisho lilikuwa lipi.

Twalibu akasema, "Aliomba maji ya kunywa. Nikampa."

Mtumbwi ni mwembamba. Hakuna pa kwenda. Nilikaa na tope langu usoni na mgongo wangu nje, na Pasikali, ambaye amengoja siku hiyo miaka thelathini, hakucheka. Kama angecheka ningepumua.

Kaburi liko nyuma ya nyumba yao, chini ya michikichi, limepangwa mawe, limefagiliwa. Walikwenda wao wawili. Nilimwona Safina kwa mbali amepiga magoti, na ndugu yake amechuchumaa kando, vichwa vyao vimeinama kwa namna moja. Dua ilisomwa ndefu.

Safari ya kurudi hakuna aliyepiga redio. Tulipofika karibu na Kasulu, Safina akanigeukia.

"Nionyeshe mikono iliyompokea."

Nikamwonyesha. Akaitazama, upande huu na upande ule, kama anayekagua kitenge chenye doa. Akageuka dirishani.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimekwenda kunywa chai.

Kiti changu hakipo mlangoni. Safina alinisalimu vizuri, makofi kamili, hakupunguza hata moja. Akasema chai nzuri inauzwa kwa jirani, mzee.

Mzee. Akasema "mzee."

Ng'ambo ya barabara Pasikali alikuwa na watu kumi na wawili. Niliwahesabu. Alikuwa anaonyesha kwa fimbo mtu anavyobaki na upondo mtumbwi ukienda. Anaonyesha vibaya. Mimi nilibaki kwa heshima zaidi.

Jumatano, 13 Agosti

Sijala vizuri siku mbili. Si njaa. Chapati za Apoline hazina kosa, ila zinaliwa kimya, na mimi chapati nimezoea kuila nikiitwa Baba Mdogo.

Mpango: Hamis wako wengi. Hilo ni kweli, nenda popote. Nikamtuma Nurudini akamweleze Safina kwamba nimefikiri sana, nimegundua aliyefia mikononi mwangu alikuwa Hamis mwingine, mtu mzuri vile vile, nikawachanganya kwa sababu ya uzee na maji mengi.

Nurudini karudi. Amejibiwa niulizwe, huyo Hamis mwingine naye alikuwa na binti anaitwa Safina?

Nilikuwa sijafika huko.

Nurudini akaniambia niache tu, mzee, nimeshaumbuka, nitulie. Akaniambia pia kwamba Safina anajenga chumba cha wageni. Mdogo wake, Twalibu, anakuja mwezi ujao na watoto wawili. Sasa anaye ndugu. Nikafikiri, bila mimi angempataje? Nikataka kumtuma tena Nurudini na hilo. Apoline akafunga mlango.

Ijumaa, 15 Agosti

Leo, baada ya swala ya Ijumaa, Safina kaja nyumbani.

Sikuwa na mpango. Niandike hilo. Nilikuwa nachambua maharage uani na nimevaa lile shati, Apoline amelishona mgongoni kwa uzi mweusi. Safina akakataa kiti, akakaa kwenye mkeka. Apoline akaleta chai akaingia jikoni, akaacha mlango wazi nusu.

Safina akazungumza taratibu. Akasema hakuja kugombana. Amekasirika siku sita na amechoka. Akasema wiki nzima anajiuliza jambo moja: lile neno, Safina asome, kama baba yake hakulisema, basi aliyemrudisha shule ni nani.

Nikasema ni mimi. Lilinitoka. Nikasema nilimwona anapanga nyanya, na anazipanga kwa hesabu, kubwa chini ndogo juu, nikaona huyu mtoto ana akili, na mimi binafsi hakuna atakayenisikiliza, ila baba aliyekufa kila mtu anamsikiliza.

Akatazama chini. Halafu akasema, "Niambie kitu kimoja cha kweli. Kimoja tu. Ulimjua baba yangu au hukumjua?"

Nikafikiri mpaka chai ikapata utando.

Nikamwambia, nilimwona mara moja. Soko la zamani, hapa Kasulu. Mvua kubwa, watu tumejibana chini ya paa la ghala la ushirika. Akaja mtu na baiskeli, mtoto wa kike mabegani. Mtoto ana kiatu kimoja cha plastiki, kingine kimebaki kwenye tope huko walikotoka, analia. Yule mtu akanipa baiskeli nimshikie. Akarudi kwenye mvua, mtoto bado mabegani, anapapasa tope kwa miguu, hatua kwa hatua, na anaimba ili mtoto asilie. Sote tunamtazama. Akakaa huko mpaka tukaanza kumwonea huruma. Akakipata. Akakiinua juu kama kombe. Alirudi ameloa mpaka kwenye kope, akaniambia asante ndugu, akachukua baiskeli yake. Watu wakaniambia huyo ni Hamis mchuuzi wa samaki. Basi. Ndiyo hiyo. Sijawahi kuisimulia kwa sababu haina kitu, hafi mtu.

Safina akainua uso.

"Kiatu kilikuwa na rangi gani?"

Nikasema chekundu.

"Na ua juu," akasema. "Nakikumbuka. Sikujua kama nakumbuka."

Akalia, lakini si kama kule mtoni. Alikuwa analia na anacheka, anajifuta kwa ushungi. Akaniambia niseme tena pale anapokiinua. Nikasema tena. Akachukua kikombe changu kilichopoa, akakimwaga, akanimiminia chai ya moto. Akasema, "Kunywa, Baba Mdogo."

Baba Mdogo! Kimya kikaingia uani, kimya kizuri, sijawahi kukaa ndani ya kimya kama kile. Kuku mmoja. Upepo kidogo. Kila kitu kiko mahali pake.

Lakini nilimwona anavyonitazama, kapanua macho, kainama mbele, kama watu wanavyoinama wakitaka iendelee. Na chai ndiyo kwanza imemiminwa, nzima, mpaka juu. Na hadithi yenyewe, ukiipima vizuri, ilikuwa imekwisha mapema mno, mtu na kiatu, nani anaweza kuachia hapo?

Nikavuta pumzi. Jikoni sauti ya sufuria ikakoma.

Nikasema, sasa wakati ameinua kile kiatu, pale nyuma ya ghala, ndipo akatokea chui.

Mdogo. Kwa heshima ya marehemu nilimpunguza.